Ng'ombe Wanane Walioitwa Tasa

Kahambu alikuwa muuguzi wa mifugo kule Lubero, Kivu. Hapa Brussels hakuna aliyekitambua cheti chake, kwa hiyo anaosha wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia huko Auderghem. Anasema kazi ni ileile. Mzee akivikwa sweta tatu, wenzake wanaona amenona. Yeye akipitisha kiganja mgongoni wakati wa kumwogesha, anajua kwamba tangu wiki jana chakula hakimpiti.

Sisi watu wa Kivu tuna chama, na chama kina ng'ombe wanane wa nyama kule nyumbani, wanaochungwa na Amissi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, tunakutana Saint-Gilles kwa mwenyekiti wetu, tonton Jérôme. Jambo la kwanza ni kutazama picha za ng'ombe kwenye simu. Tunazipenda kuliko picha za harusi. Mimi, katibu, huwarushia hata mashemeji ambao hawajaniomba.

Mwezi wa tatu picha zilikuwa nzuri na habari mbaya. Ng'ombe wote walikuwa wamezaa, ndama wametimiza miezi minne, na hakuna hata mmoja aliyemtaka dume tena. Jérôme alisema wamekuwa tasa, wauzwe kwa mchinjaji kabla ya mwezi kwisha. Nikaandika kwenye daftari: tasa.

"Haziko tasa," Kahambu akasema. "Ziko na njala."

Tulicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, nakiri.

"Maman Kahambu, angalia photo," Jérôme akamwambia. "Angalia ile tumbo. Ile ngombe imekula!"

"Ile ni maji na majani tu, tonton. Miye minataka kuona mugongo."

"Bon, tuendelee."

"Hatuendelee."

Akampigia Amissi palepale, sauti juu, sote tusikie. Akamwuliza kwa nini kila picha imepigwa ubavuni, ng'ombe akitoka mtoni. Amissi akakohoa kidogo. Akasema huwalambisha chumvi kwanza ili wanywe sana, "juu batu ba Bruxelles banapenda kuona ngombe ya tumbo." Aliwahi kutuma picha ya nyuma mara moja, na mtu akamjibu asitume tena uchafu.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Weka mukono ku mbavu," Kahambu akamwambia. "Usifinye sana. Unasikia mafuta ao mifupa?"

"Mifupa, maman. Naweza kuihesabu yote."

"Na ku mukia?"

"Kuko shimo, mafuta hakuna."

Hapo alitugeukia, na hasira yake haikuwa ya kuigiza. Tangu vita vilipofunga malisho ya mlimani, alisema, ng'ombe hawa walizaa wakiwa wamekonda. Kidogo wanachokula kinakwenda kwenye maziwa ya ndama. Mwili usio na akiba hauanzi mimba nyingine, unasubiri. Walipaswa kulishwa vizuri kabla ya kuzaa, na sisi tulikuwa tunatazama matumbo.

"Munataka kuchinja mama juu ananyonyesha na njala?" alisema. "Alors, futeni jina yangu ku chama kwanza."

Alitaka trois mois, miezi mitatu bila kuuza. Matete yakatwe na kuletwa zizini, pamoja na majani ya viazi vitamu na machicha ya pombe. Ndama wanyonye asubuhi na jioni tu. Jérôme alisema chama hakiongozwi kwa hasira. Kahambu akamwuliza kimeongozwa kwa picha miaka mingapi. Tulikubali shingo upande.

Mwezi wa sita Amissi alituma picha za migongo tu, minane, yote imeanza kunona, na ujumbe kwamba dume amekosa nafasi hata ya kula. Septemba mganga wa mifugo aliwapima: sita walikuwa na mimba. Jérôme alisimama, akamshukuru Mungu, akapendekeza wale wawili waliobaki wauzwe, nasi tule. Sombe ya majani ya muhogo na wali vilikuwa tayari mezani, na tulipiga makofi kwa nguvu.

Kahambu hakupiga.

"Zile deux zimezaa mara ya kwanza," alisema. "Zilikuwa zingali zinakomaa, zinanyonyesha, na siye tukazinyima. Zinaomba muda kupita zingine. Donc haziuzwe."

"Maman, umeshashinda," Jérôme akasema. Alikuwa ameshika kijiko. "Acha tukule."

"Sijashinda. Kungali mbili."

Hakuna aliyegusa sahani. Wali ulipoa, watoto wakaanza kulalamika, na Kahambu akabaki amesimama kati yetu na chakula, akimtazama Jérôme, mpaka mzee akakiweka kijiko chini.

Hawakuuzwa.