Sufuria Nyekundu Kileleni mwa Mti

Bisheni mkitaka, lakini Jumamosi iliyopita, hapa mtaani kwetu Mount Dennis, ughaibuni, sufuria ilimletea dada yangu mchumba.

Mama huanika vyombo kwenye mti wa uani. Jirani yetu ni mzee wa Maramureș, mkoa wa milima kule Romania, wenye kondoo, mbao na vijana walioondoka kutafuta kazi. Siku hiyo alibisha hodi na kofia ya sherehe kichwani. Nyuma yake alisimama mwanawe seremala, ambaye mwaka mzima amempungia dada mkono bila kuthubutu kusema neno.

“Tumeona sufuria nyekundu kileleni,” mzee akasema. “Kwetu maana yake nyumba ina binti wa kuolewa.”

“Mzee wangu, hivyo ni vyombo vinakauka tu!” Mama akacheka.

Kijana akageuka kuondoka, uso mwekundu kuliko sufuria.

“Mama,” dada akaita, “chai iko tayari. Waingie.”

Wakaingia. Posa inaletwa mwezi ujao, na msemaji wa familia yetu ni mimi. Mnaonisema kwamba niliacha shule, ingenifunza nini zaidi?

Haya, kuna kipande nimekiruka. Mzee alishanisimulia desturi yao, na sufuria ile niliipandisha mimi. Aliyenishikia ngazi ni dada.