Mti Ndani ya Ubongo

Kila nikipita mji wa Mpemba na kunusa manyoya ya kichwa cha mbuzi yakiunguzwa motoni, mawazo yananirudisha utotoni, jikoni kwa mama. Kwetu ubongo wa mbuzi ulikuwa chakula cha baba peke yake. Mtoto akiugusa, kiama. Lakini nilikuwa nimeona kitabuni mchoro wa ubongo wa mtu, nikataka kuhakikisha.

"Ukiuvuruga, utamweleza baba yako mwenyewe," mama alisema, akanipa kisu.

Kichwa kilikuwa kimeiva. Nikaupasua ubongo katikati. Nje rangi ya majivu, ndani mweupe. Na ule ubongo mdogo wa kisogoni ulikuwa na mti ndani! Shina na matawi, kama kahawa yetu shambani.

Baba akaingia. Nikajua nimekwisha. Nikamwonyesha ule mti haraka haraka.

Akajishika kisogo. "Na mimi ninao humu?"

"Unao, baba. Ndio unaokuzuia kupepesuka ukitembea."

Hakuula. Aliubeba kwenye sahani nyumba hadi nyumba, nadhani Mbozi nzima: "Njooni muone alichokigundua binti yangu!" Aliporudi mafuta yalikuwa yameganda, na bado alikuwa anaringa.