Simu Chini ya Mahamri

Ijumaa asubuhi, Takaungu. Wiki ile darasani kwetu ngumbaru, tunakosoma sisi watu wazima, tulisoma vile mtalii anavyojilinda na wezi mjini: asivae dhahabu, asitembee na simu mkononi, asimwamini kila anayemchekea. Nikasema basi, nami nikamtembelee wifi yangu Rukia kule Malindi, niwe mtalii siku moja. Hofu yangu ilikuwa simu tu. Mwanangu Swalehe yuko Arabuni, kazi haimpi nafasi, hunipigia Ijumaa baada ya swala na siku nyingine hapana. Nikaifunga kwa mfuko wa nailoni, nikaizika kikapuni chini ya mahamri. Nikapiga bismillahi, nikatoka.

Saa nne, Malindi. Kushuka tu, mzee mmoja akataka kunibebea kikapu. Nikamwambia mgongo wangu ungali mzima. Sokoni watu wakanibana, na nilipotoka zipu ya mkoba wangu wa begani ilikuwa wazi. Ndani nilitia daftari langu la hesabu peke yake, nalo lilikuwamo. Nadhani mwizi aliziona alama zangu akanihurumia. Nilicheka mpaka kwa Rukia.

Mlangoni Rukia akanipokea kikapu, akanikaribisha. Tukaswali, tukala, tukasengenya kidogo, Mungu atusamehe.

Saa nane kasorobo nikauliza kikapu kiko wapi. Rukia akasema amebakisha mahamri ya chai, mengine amempelekea jirani, Bi Maimuna, na kikapu chenyewe. Ndivyo kwetu, cha mgeni huonjwa na jirani.

"Chini mna simu yangu," nikamwambia.

Rukia akaketi sakafuni kwa kicheko. Mimi nilishika buibui nikatoka mbio.

Bi Maimuna, mama wa makamo ya mamangu, alikuwa barazani kwake, hamri mkono mmoja, simu yangu sikioni. Nikamwamkia shikamoo huku nahema.

"Mamako amefika," akamwambia Swalehe. Kisha akanigeukia. "Keti, mwanangu. Hatujamaliza."

Nikaketi. Zamu yangu ilipofika, Swalehe akauliza, "Mama, umeibiwa?"

"Sijaibiwa, baba. Wezi wa Malindi nimewashinda wote. Nimejiibia mwenyewe."

Saa kumi na moja nikarudi kwetu, simu kifuani, kikapu kimejaa tende, maana Bi Maimuna hakukirudisha kitupu. Nimejifunza kwamba ukimficha mwizi kitu, mwambie mwenyeji wako umekificha wapi.

Ijumaa iliyofuata Swalehe alichelewa kunipigia. Kumbe walipeana nambari, na alikuwa ameanza na Bi Maimuna.