Kurasa Tatu za Maelezo

Sehemu ya mwisho ya fomu ilikuwa na mistari minne tu. Juu yake paliandikwa: maelezo mengine, kama yapo. Mtu mwingine angepitisha kistari akaendelea na maisha yake. Mimi nilichukua karatasi nyeupe, nikaandika kurasa tatu, nikazibana na fomu kwa pini.

Fomu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mdogo wangu, ya kuomba kitambulisho cha taifa. Alikihitaji kwa sababu timu moja ya ligi kuu ilimtaka, na ilimtaka kama mchezaji wa ndani. Nafasi za wageni zilishajaa, na hata zingekuwepo, hakuna timu inayompa beki wa kushoto kutoka Tukuyu nafasi ya mgeni. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi tukaambiwa maombi yake yamewekwa pembeni mpaka afisa wa uhamiaji afanye uchunguzi.

"Kuna mtu katuchoma," mdogo wangu alisema tukiwa tunatoka pale ofisini. "Kuna mtu kaenda kusema."

Nilikubali kwa kichwa. Mvua ilikuwa inanyesha, nikajifanya nahangaika na mwavuli.

Baba yetu alitoka Malawi akiwa kijana, fundi cherehani, akapanga kibaraza Bagamoyo. Nasema Bagamoyo yetu ya hapa Tukuyu, si ile ya pwani. Bado yuko pale pale, anashona sare za shule, na kibali chake cha kuishi nchini hakijawahi kulala hata siku moja bila kuhuishwa. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Masukulu. Alibadili dini akaolewa naye. Sisi wawili tumezaliwa hapa, tumesoma hapa, na kwa upande wa mama hakukuwa na cha kubishania. Ila mdogo wangu, tangu anaanza kukimbia na mpira, watu wanamwita Mmalawi.

Jina lilianzia kwenye kiwanja cha juu ya Makandana. Kile kiwanja kina mwinuko: kipindi cha kwanza unapanda, cha pili unashuka, na ukungu ukiingia kipa wa upande wa pili humwoni. Yeye alipenda kupanda. Alisema ukizoea kukimbia unapanda, uwanja wowote wa tambarare ni mapumziko. Timu ngeni zilikuwa zinamzomea, "Mmalawi, rudi kwenu!" naye anawaonyesha kidole upande wa sokoni, maana kwetu ni kule. Akatoka kwenye mashindano ya mtaani akaingia ligi ya mkoa, kisha misimu miwili Mbeya kwenye timu ya daraja la pili kutoka juu. Jina likamfuata kote. Hata mtu wa usajili wa ile timu kubwa aliponipigia simu, kwa kuwa makaratasi yote ya mdogo wangu nayashughulikia mimi, aliuliza huku anacheka, "Hivi dada, huyu kwa nini wanamwita Mmalawi?"

Yeye alicheka. Mimi nilitembea na swali lile siku mbili. Nina shahada ya utawala wa umma na miaka miwili ya kuomba kazi, na katika miaka hiyo nimejifunza kuogopa nafasi iliyoachwa wazi kwenye fomu. Kwa hiyo niliandika. Niliandika baba alizaliwa kijiji gani, alivuka mto Songwe mpakani na nani, alipanga wapi kwanza, mama alikuwa nani. Nilitaka atakayesoma asibaki na swali hata moja. Alibaki nayo mengi, na alikuwa na haki.

Afisa alitaka kitu kimoja: mzee wa upande wa mama athibitishe kuwa mama alizaliwa nchini, na aonyeshe makaburi ya wazazi wake. Angefika Masukulu Alhamisi. Mzee aliyebaki upande wa mama ni mmoja tu, kaka yake, na mjomba huyo hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku tuliyomzika mama.

Mama alifariki asubuhi. Baba akafuata utaratibu wa dini, na baada ya swala ya alasiri tukawa tumeshazika. Kwa Wanyakyusa msiba ni siku kadhaa, watu wanatoka mbali, na ndugu hazikwi kabla ndugu zake hawajamwona uso. Mjomba alifika na akina mama wa kwao wamejitwisha ndizi, gambuti zimejaa tope, akakuta watu wanakunja mikeka. Aliuliza, "Dada yangu yuko wapi?" Akaonyeshwa udongo. Alimwambia baba mbele ya watu wote, "Hata mbuzi akifa tunamsubiri mwenyewe aje amwone." Akageuka na ndizi zake.

Jumanne tulipanda bodaboda, mimi na mdogo wangu, tukaenda Masukulu. Njia nzima nilipanga maneno. Tulimkuta mjomba mbele ya nyumba anahesabu mikungu ya kupeleka mnadani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Alimtazama mdogo wangu kuanzia viatu. "Mchezaji. Nasikia una mbio sana. Miaka yote hii unakimbia, na huku ndiyo unafika leo?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Tukapewa viti. Mdogo wangu alieleza shida yetu vizuri kuliko ambavyo ningeieleza mimi, mpaka alipofika mahali nilipokuwa napaogopa.

"Tatizo mjomba, kuna mtu kaenda kutusema uhamiaji." Akamwangalia.

Mjomba aliweka mkungu chini taratibu. "Na wewe umekuja kuniangalia usoni, uone kama ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Macho yako yamesema. Umekuja kuomba kwangu huku unanishtaki. Hiyo mmefundishwa na baba yenu?"

Alishaanza kuinuka. Nilijua akiingia ndani hatoki, na Jumamosi itakuja na kupita. Maneno yote niliyopanga njiani yalinikimbia.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wawili walinigeukia.

"Ni mimi niliyesema. Niliandika barua nikaibana na fomu. Hakuna aliyeniomba."

Mdogo wangu alinitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. "Barua ya nini?"

"Ya maelezo. Kuhusu baba."

"Kurasa ngapi?"

"Tatu."

"Tatu!" Alisimama, akazunguka kiti, akarudi. "Dada, mimi maisha yangu yote hayafiki kurasa tatu! Jana nzima nimemtukana kocha wangu wa zamani moyoni. Nimewatukana majirani. Wewe upo tu na mwavuli wako!"

Nilitazama mikungu pale chini.

"Na mimi nimo?" mjomba aliuliza.

"Umo."

"Umeandika nini?"

"Kwamba marehemu ana kaka yake anaishi Masukulu. Na kwamba mawasiliano siyo mazuri."

"Ukaiandikia serikali?" Alikaa tena. "Mambo ya ukoo umeyabana na pini ukaipelekea serikali?" Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kuelewa kuwa anacheka. Mdogo wangu hakucheka.

Kicheko kilipoisha, mjomba alisema sharti lake. "Alhamisi aje baba yenu. Asitume watoto. Afisa anapoketi hapa, na yeye aketi hapa. Asipokuja, mimi nina mikungu ya kupeleka."

Baba tulimkuta kwenye cherehani. Alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye pedali. Mdogo wangu alipomaliza, baba alikata uzi, akaigeuza sketi, akaanza upande wa pili.

"Nikaseme nini pale?" aliuliza.

Jumatano nzima hakuligusa tena suala lile. Mdogo wangu naye hakuongea nami. Alikwenda kukimbia kwenye mvua, akarudi, akafua viatu, akaviweka jikoni karibu na moto. Niliona kila kitu kikiwa juu ya mguu mmoja wa baba kwenye pedali, na niliyekiweka pale ni mimi.

Alhamisi asubuhi tuliondoka bila baba. Alikuwa msikitini, au alisema yuko msikitini. Afisa alifika Masukulu kwa gari, kijana tu, pengine tunalingana umri, viatu vyake vyeusi vikaingia tope mpaka kwenye kamba. Mjomba alimkaribisha ndani, akamsalimu kwa heshima, kisha akakaa huku anaangalia njia.

Maswali yalianza. Mjomba alijibu kwa neno moja moja. Baba yako? Alimtaja. Babu? Alimtaja. Marehemu alizaliwa wapi? Hapa. Nani alishuhudia? Waliokufa. Afisa akapumua, akafunua ukurasa mwingine.

"Na yeye mwenyewe, dada yako, amezikwa wapi?"

Kalamu ilisubiri. Nilimwona mdogo wangu amebana mikono katikati ya magoti.

"Mzee?"

"Mimi sijui," mjomba alisema. "Nilionyeshwa udongo."

Afisa aliinua macho. "Hujui alipozikwa dada yako wa kuzaliwa?"

Nilitaka kueleza. Mungu anajua nilivyotaka kueleza, mdomo ulishafunguka, na mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Ndipo tukasikia bodaboda inazimwa nje.

Baba aliingia suruali imelowa mpaka magotini. Hakumsalimu afisa. Alibaki amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, akamtazama mjomba.

"Shemeji," alisema, "siku ile sikukusubiri. Ningeweza kusubiri. Masheikh wenyewe waliniuliza kama kuna mtu wa kusubiriwa, nikasema hakuna."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mkifika mtamchukua. Mtamleta huku, mumzike huku kwenu. Na mimi kule mjini nibaki na nani? Nchi hii yote nilikuwa na yeye tu."

Hayo sikuwa nayajua. Hayakuwa kwenye kurasa zangu tatu.

"Tungemchukua," mjomba alisema. "Kweli kabisa. Tungemchukua."

"Najua."

Afisa alikohoa kidogo. "Wazee wangu, samahani. Swali langu bado."

"Andika," mjomba akamwambia. "Makaburi ya Waislamu, Tukuyu mjini. Mwenye kujua kaburi ni huyu mume wake. Muulize yeye." Kisha akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa, shemeji, unachuruzika maji."

Walitoka pamoja kwenda migombani, afisa katikati, na mjomba akaonyesha makaburi ya babu na bibi, akaongea sasa bila kuulizwa, vizazi na vizazi, mpaka afisa akamwomba apunguze mwendo. Alipoondoka alisema, "Majibu yatatoka. Siku siahidi."

Yalitoka Ijumaa mchana: maombi yamekubaliwa, na barua ya uthibitisho juu yake. Mdogo wangu alipanda basi jioni ile ile. Mlangoni aliniambia, "Itumie timu nakala ya barua. Usiongeze kitu." Nilikwenda duka la fotokopi nikatuma ukurasa mmoja, nikarudi mara mbili kuhakikisha kweli ni mmoja.

Lakini kutuma si kusajiliwa. Jumamosi ilifika bila neno kutoka kwa yeyote. Mchana mjomba akatokea Bagamoyo, kavaa koti, akasimama mbele ya cherehani. "Nipeleke nikamwone," alimwambia baba.

Tulikwenda watatu. Baba alionyesha kaburi, akasogea nyuma. Mjomba alivua kofia. Alisimama pale, akaanza kuongea Kinyakyusa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza sababu ya kuchelewa. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Niliibana kwa mkono. Ikatetemeka tena. Niliwaza: kama ni habari mbaya, isubiri. Kama ni nzuri, nayo isubiri. Mjomba alishakatishwa kumuaga dada yake mara moja.

Ikatetemeka mara ya tatu.

"Iangalie bwana," mjomba alisema bila kugeuka. "Tangu tumefika unapigana na mfuko."

Niliitoa. Ilikuwa picha. Mdogo wangu kasimama mbele ya ukuta mweupe, ameinua jezi kifuani kwa mikono miwili, na meno yote nje. Chini yake aliandika neno moja: tayari.

Nilimpa baba simu. Baba aliitazama, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Mshono wa begani haukukaa," alisema.

Mjomba alimpokonya. Alikunja uso, akaipangusa simu kwa mkono wa koti.

"Namba ngapi?" aliuliza.

"Haionekani, mjomba. Kaishikia upande wa mbele."

"Muulize."

Akairudisha simu kwangu, akageukia kaburi, akaendelea pale alipokuwa ameishia.