Siku Mgeni Alipochuma Chai Yetu

Waliokuwepo shambani siku ile ni hawa: mimi, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mguu umefungwa plasta, mdogo wangu wa kiume, ambaye alipaswa kuwa chuoni, mdogo wetu wa mwisho, bado na sare ya shule, kina mama sita wa kanisani kwetu na kiongozi wao, yaani jirani yangu ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, mwalimu mmoja wa chuo cha wachungaji, na mama mgeni kutoka ng'ambo. Yeye na wenzake wa kanisani kwao ndio waliokuwa wanamsomesha mdogo wangu. Nimeombwa niandike neno la shukrani kwao, na siwezi kuliandika bila kuwataja wote hawa.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, baba kwanza, kisha mama. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja sikuvaa sare, nikachukua kikapu nikaingia kwenye chai, basi. Tulikuwa na shamba dogo hapa Kawetele na migomba nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne na kupata nafasi ya kusomea uchungaji, wafadhili walibeba ada. Chai ilitulisha sisi tuliobaki, na ikampa yeye sabuni na nauli.

Mwaka wake wa pili niliteleza kwenye tope nikitoka banda la kupimia majani, nikavunjika mguu. Chai haingoji mtu apone. Ukichelewa, majani yanakomaa, na karani anayakataa mbele ya watu. Mdogo wangu akasikia, akaja bila ruhusa.

"Rudi chuoni," nilimwambia.

"Nani atachuma?"

"Mungu atatusaidia."

"Mungu hana kikapu, dada."

Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Asubuhi moja Bibi akaja na kina mama wake, kila mmoja na kikapu mgongoni na nailoni ya kuzuia umande kiunoni, hawakuniuliza kitu. Wakaingia kwenye mistari. Mdogo wangu hakuelewa maana yake. Alidhani wamekuja kwa siku moja.

Mchana, mdogo wetu wa mwisho akatoka shule mbio. "Dada! Kuna gari barabarani! Mwalimu wa kaka na mzungu!"

Mdogo wangu akainama kati ya mistari ya chai.

"Simama," nikamwambia. "Hujaiba."

Mwalimu alisalimia, akatazama mguu wangu, kisha akasema bila kuzunguka: kama kijana hatakuwa darasani Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine. Mgeni akauliza kitu, mwalimu akatafsiri: "Anauliza, wewe dada mkubwa unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikajibu, "Nataka arudi. Lakini ndiyo hivyo, chai hii ndiyo tunayokula."

Mwalimu akamtafsiria, naye mgeni akaomba kikapu.

Alichuma kwa bidii, sina cha kumlaumu. Ila alikuwa anakwanyua kila kilicho mbele yake, majani makubwa magumu, hata vijiti. Bibi akaniangalia.

"Huyu mama anachuma mboga."

Kina mama wakaangua kicheko. Mgeni akamgeukia mwalimu kujua kimesemwa nini.

"Wanasema unajitahidi," mwalimu akamjibu, na kicheko kikazidi.

Wageni walipokwenda kunywa chai ndani, Bibi akamwaga kile kikapu juu ya mkeka na kuanza kuchambua haraka, maana majani yale yakichanganyika na mengine karani angekataa mzigo mzima. Mgeni akatoka ghafla, akakuta majani yake yanatupwa. Nilitamani ardhi inifiche. Lakini yeye alichuchumaa karibu na Bibi, akanyoosha kidole, akitaka kufundishwa. Bibi akamwonyesha: majani mawili na chipukizi, zaidi ya hapo acha.

Mgeni akachambua kidogo, kisha akamwambia mdogo wangu kupitia kwa mwalimu: "Kazi hii siiwezi. Wanaoiweza ni hawa. Ninayoweza kukusaidia iko kule chuoni, na kule sikukukuta."

"Umesikia?" Bibi akadakia. "Na wewe usijione. Toka asubuhi nakuchambulia ya kwako pia. Wewe na mgeni mko darasa moja."

"Bibi, jamani!"

"Nenda kasome, mwanangu. Tumeshapanga zamu hapa, mpaka dada yako atembee. Utatuharibia majani."

Mdogo wangu aliangalia vikapu vya kina mama, akaniangalia mimi. Kisha akafungua nailoni kiunoni. Aliondoka na gari lile lile, buti zikiwa na tope. Mgeni, akiagana, alimwambia Bibi "Ndaga fijo," ile asante ya kwetu, kaitamka vibaya lakini kaitamka.

Sasa mdogo wangu ni mchungaji wa usharika mdogo upande wa Kisiba. Anawahubiria wazee kwa Kinyakyusa, na vijana kwa Kiswahili. Mwaka jana nilimfuata msibani, mama wa watoto watatu alikuwa amefariki. Binti mkubwa akamwuliza kama aache shule. Alimjibu, "Subiri kwanza, tuwaite kina mama." Ninyi mlio mbali, mliolipia masomo yake bila kutujua, hicho ndicho mlichokisomesha. Asanteni sana.

Kwetu, aliyechumiwa naye huchuma. Wale kina mama sita nimewarudishia siku zao zote. Bibi ndiye aliyenichumia siku nyingi kuliko wote, na kumlipa kunanishinda. Nikifika shambani kwake asubuhi na kikapu changu, nakuta ameshaanza tangu kupambazuka, ameniachia mistari miwili tu. "Hiyo inatosha," anasema. Haitoshi. Vidole vyake vimeanza kukataa kukunjuka, na siku zake ninazodaiwa bado ni nyingi.