Kichujio Kinachosubiri Utulivu

Kazini walimwita Fundi Bomba. Hakuwahi kushika spana maishani. Alitengeneza programu za simu, na kila aliyeuliza kazi yake alielezwa kwa mfano wa maji. Kila mguso wa kidole ni tone, angesema. Matone yanapita kwenye bomba, naye anaweka vichujio njiani. Vichujio hivyo hakuvibuni yeye. Vilitoka kwenye maktaba, furushi la msimbo ulioandikwa na watu asiowajua, unaliingiza kwenye programu yako na kuchagua unachotaka.

Programu yake ilikuwa ya wagonjwa wanaouguzwa nyumbani. Ilikuwa na kitufe kimoja chekundu, kikubwa kama kiganja. Mgonjwa akikibonyeza, simu ya muuguzi wa zamu inalia kituoni.

Mama yake, mwenye presha na ukaidi wa kuishi peke yake, alikuwa wa kwanza kuwekewa. Fundi Bomba aliketi naye kitandani, akamshika kidole.

"Ukijisikia vibaya, mama, bonyeza. Usibonyeze mara moja ukaacha. Bonyeza tu, mpaka waitike."

"Wakinichoka je?"

"Wakuchoke. Ndiyo kazi yao."

Wakachoka kweli, ingawa si kwa sababu ya mama. Mgonjwa mwingine akibonyeza mara kumi, simu ililia mara kumi. "Fundi, yule babu wa ghorofani atanitoboa masikio," muuguzi wa zamu alilalamika. "Juzi kaniita hivyo nimwokotee miwani!" Bosi akaagiza kelele zipunguzwe.

Kwenye maktaba kulikuwa na kichujio cha kazi hiyo hasa. Vidole vikigonga, kinangoja. Kila mguso mpya unakifanya kianze kungoja upya. Vikitulia kidogo, ndipo kinapitisha mguso wa mwisho, mmoja tu. Ulikuwa mstari mmoja wa msimbo. Alijaribu mezani kwake: akagonga, akagonga, akatulia, simu ikalia mara moja. Wauguzi walimletea soda. Yale aliyomfundisha mama kitandani hayakumjia akilini hata kidogo.

Kiharusi kilimpata mama asubuhi, akitandika. Gari la wagonjwa lilifika, ila lilichelewa. Mkono wa kulia ukabaki umelala, na mguu, na nusu ya mdomo.

"Mimi nilisema," kaka yake Fundi Bomba alinguruma wodini. "Mzee na simu, wapi na wapi? Hata kubonyeza hajui."

Mama akageuza macho kwa binti yake. Maneno yalimtoka yakiburura miguu. "Nimekosea, mwanangu. Nilibonyeza, nikabonyeza. Sijui niligusa wapi. Nimekuaibisha kazini kwako."

Fundi Bomba alitoka na simu ya mama hadi ukumbini, akampigia muuguzi wa zamu kwa simu yake mwenyewe. Kisha akaanza kubonyeza kitufe kwenye ile ya mama kama mtu anayekosa pumzi, haraka, bila kupumzika.

"Imelia?"

"Bado, Fundi."

Akaendelea mpaka kidole kikauma.

"Sasa je?"

"Kimya. Labda mtandao?"

Akaacha kubonyeza.

"Haya, imelia," muuguzi alisema kwa furaha. "Hata siku ile ilikuja hivihivi, mara moja tu. Nikampigia, hapokei, ndiyo nikatuma gari."

Mara moja tu: mkono ulipokuwa umeshaanguka.

Alikiondoa kichujio siku hiyohiyo, akamwambia bosi kwa nini. Bosi alifunga mlango. "Familia iambie ni mtandao. Mtandao hauna mama, hauna baba, hausononeki." Halafu akaongeza kwa upole, "Familia yenyewe ni wewe. Nani atajua?"

Angeweza kunyamaza. Mama alimpenda bado, alimngoja mlangoni kwa macho, alikubali kulishwa uji na mkono wake tu. Lakini kila alipofika alimkuta akigonga shuka kwa kidole cha kushoto. "Nafanya mazoezi," alisema mama. "Nionyeshe tena, nisikosee tena." Siku moja Fundi Bomba akaweka bakuli chini.

"Hukukosea, mama. Ulifanya nilivyokufundisha. Mimi ndiye niliyebadilisha kitufe, na sikukwambia."

"Ulibadilishaje?"

"Kikawa kinasubiri mtu aache kubonyeza."

"Kwa hiyo nilivyozidi kuita..."

"Ndivyo kilivyozidi kusubiri."

"Na ningeacha?"

"Wangekuja mapema."

Nusu ya mdomo ilicheka, au ilifanana na kucheka. Kidole kikatulia juu ya shuka. "Uji umepoa," mama alisema. "Mwite kaka yako anilishe."

Kaka alipoelezwa hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimhamishia mama kwake, chumba cha jirani na chake, akaifuta ile programu kwenye simu mbele ya dada yake, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Jumapili Fundi Bomba alikwenda kuwatembelea. Mama alikuwa amekaa dirishani, nywele zimesukwa vizuri na mke wa kaka. Aliuliza habari za kazi. Aliuliza kama huko kwao mvua imenyesha. Akashukuru kwa matunda, yote kwa heshima, kwa zile salamu ndefu anazopewa mtu wa mbali.

Kisha akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu, mletee mgeni kiti."