Togwa ya Siku ya Tatu

Maduka ya watu binafsi mjini yalikuwa yameanza kujaa mabati, lakini kijiji kile cha bondeni, chini ya Kilimatinde, bado kiliishi kwenye tembe: kuta za miti na udongo, paa nalo la udongo. Mvua zilipozidi, mapaa yalilowa, yakalemewa, yakaanguka.

Kanisa lilinituma mimi, katibu wake, na mahindi na maturubai kwa kaya nne za walokole, kwa sababu orodha ya msaada ya kijiji ilikuwa imewaruka. Mwaka wa ukame uliotangulia walikataa kuchangia kondoo mweusi wa tambiko la mvua. Tangu hapo walikatazwa kuchota maji kisimani, na hakuna jirani aliyekanyaga msibani kwao.

Nilimkuta mjane mmoja na wanawe chini ya kipande cha paa kilichobaki. Boriti ya katikati ilikuwa imevunjika.

"Katibu, mahindi nipe," alisema, "ila turubai usinifungie. Wewe utaondoka, mimi nitabaki na hawa hawa. Nataka wanijengee wao."

Huko mtu hupika pombe, majirani wakaleta miti, wakajenga. Walokole hawapiki pombe. Yeye aliamua kupika togwa, uji mtamu wa kimea usiolevya, na siku ya Alhamisi akaipika, akapita nyumba kwa nyumba kuwaalika kwa kesho yake. Nilifuatana naye.

"Togwa?" fundi wa tembe alishangaa. "Mama, mimi niliachishwa ziwa zamani!"

Mkewe akadakia: "Mvua hamkuichangia, sasa imewafuata hadi kitandani!"

Wakacheka. Mjane naye akatabasamu. "Imenifuata kweli, wifi. Basi kesho asubuhi."

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi kulipopambazuka, watu tisa waliingia uani na miti begani, fundi na ndugu yake mbele wamebeba boriti, mke wa fundi nyuma yao. Mwaliko wa kujenga ukifika mlangoni kwako, kuukataa ni aibu, hata kama aliyekualika humpendi.

Mjane alifunua mtungi, akaonja. Akaonja tena, akanipa kata. Togwa ilikuwa na povu, na ilichoma ulimi.

"Hii ni pombe?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Nilimwambia sijui.

Fundi alikwisha kunusa. "Sasa imekomaa hiyo, mama! Lete!"

Mjane aliinua mtungi, akaumwaga wote mbele yao.

"Niliwaita kwa togwa," alisema. "Togwa imeharibika. Nimebaki na maji tu, tena kidogo. Ni ya mvua, niliyoyakinga, maana kisimani siruhusiwi."

Fundi alitazama povu likizama kwenye matope.

"Unajua boriti hii tumeikata wapi?"

"Sijui, shemeji."

"Mbali. Mimi siirudishi." Akatema mate pembeni, akaitisha jembe la kuchimbia shimo la nguzo.

Mkewe aliokota ndoo tupu mlangoni pa mjane, akamsukumia kifuani.

"Watu tisa watakunywa nini? Chukua na ile nyingine. Twende kisimani, usinisimamie hapa."

Wakaondoka wawili, yeye mbele, mjane nyuma.